Maziwa ya Jioni na Jibini ya Rikota

   Mama aliye jikoni asiondoke, asogeze redio karibu na jiko, maana leo nazungumza na yeye kwanza. Baba naye akae asikilize, kwa sababu mwenye ng'ombe ni yeye, au ndivyo anavyosema.

Nimepata barua ya mama mmoja mfugaji wa nyanda za juu. Ana ng'ombe wawili wa maziwa. Habari yake kwa ufupi ni hii. Maziwa ya asubuhi huyapeleka kituoni yakanunuliwa. Maziwa ya jioni kituo hakipokei. Wakati wa kiangazi majirani huyanunua, hapana shida. Lakini ikifika masika, majani yako tele, ng'ombe wa kila nyumba wanakamuliwa, barabara imeharibika, na jirani wa kununua hayupo kwa kuwa yeye mwenyewe ana ndoo imejaa. Jioni anakamua lita 6. Wanakunywa, wanagandisha mtindi, mtindi nao unajaa hadi vyombo vinakwisha, na mwisho anayefaidi ni mbwa. Mumewe amesema wauze ng'ombe mmoja. Mama anauliza afanye nini.

Mama, usikubali kuuza ng'ombe bado. Sina dawa ya barabara, na kituo si changu. Lakini zile lita 6 nina jambo la kukuambia juu yake. Leo nataka tufanye jibini laini, ile ambayo Waitalia huiita rikota, tena tuipike na kuioka katika jiko lako hilo hilo la mkaa.

Najua yupo mtu amekwisha kunja uso. Jibini? Si chakula cha hoteli hicho? Hapana, ndugu yangu. Sikiliza ilikotoka. Neno rikota kwa Kiitalia maana yake ni "iliyopikwa tena". Wachungaji wa kondoo wa upande wa Roma na Sisilia walikuwa wakitengeneza jibini ngumu ya kuuza mjini. Ukigandisha lita 10 za maziwa ya ng'ombe kwa jibini ya namna hiyo wapata kama kilo moja tu ya jibini, na kinachobaki ni maji ya rangi ya kijani-njano, lita 9 hivi. Jibini ilikwenda sokoni, mchungaji akabaki na maji. Basi aliyateleka motoni tena. Yalipokaribia kuchemka, yakapandisha juu vipande vyeupe laini kama mawingu. Akavikusanya kwa upawa, akala. Hicho ndicho chakula chake, na mpaka leo huko Sisilia huliwa ingali moto, pamoja na maji yake, kwa mkate mkavu uliotoswa ndani. Kwa hiyo rikota ni chakula cha mtu aliyebakiwa na maji, na hakikuanzia hotelini.

Wala si jambo geni kabisa kwetu. Njombe kilijengwa kiwanda cha maziwa kwa msaada wa shirika la Kiitalia liitwalo CEFA, na maziwa ya wafugaji wadogo wa huko yametengenezwa jibini za namna ya Kiitalia. Anayejua zaidi atusimulie. Mimi leo nashughulika na nyumba isiyo na kiwanda wala barafu.

Kwanza tuelewane jinsi maziwa yanavyoganda, maana mtu akielewa hapo hatahitaji karatasi yangu. Katika maziwa mna utomwili, yaani ile protini ya kujenga mwili, wa aina mbili. Aina ya kwanza, ambayo ndiyo nyingi, hugandishwa na ukali, kama mtindi unavyoganda, au hugandishwa na ile dawa itokayo tumboni mwa ndama. Aina ya pili haijali dawa hiyo. Yenyewe hubaki ndani ya maji, ikasubiri moto. Ukiipa moto mkali na ukali kidogo, nayo huganda. Ndiyo ile aliyoipata mchungaji katika maji yake. Sasa sisi nyumbani, ambao hatuna jibini ngumu ya kupeleka sokoni, tunachukua maziwa yenyewe, si maji, tunayapa moto na ndimu kwa pamoja, na aina zote mbili zinaganda kwa mara moja. Muitalia mwenye ubishi atakwambia hiyo si rikota halisi. Mwache. Jikoni inafanya kazi ile ile, tena inapatikana nyingi zaidi.

Haya, tuanze. Chukua maziwa mabichi ya jioni ile ile, yaliyochujwa, yasiyoanza kuchachuka. Kwa kila lita andaa maji ya ndimu vijiko 2 vya chakula, yaliyochujwa mbegu. Ndimu moja yenye maji mengi hutosha lita moja. Siki nyeupe pia yafaa, ila huacha harufu. Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu, au ya enameli isiyobanduka. Kama unayo ya alumini tu, tumia, lakini usiache maziwa yenye ndimu yakae humo, maana ndimu hula alumini na jibini ikapata ladha ya bati.

Bandika sufuria juu ya moto wa wastani na ukoroge taratibu chini kabisa, maziwa yasishike. Mwenye kipimajoto angoje nyuzi 85. Asiye nacho aangalie pembeni mwa sufuria. Utaona vipovu vidogo vidogo vinazunguka ukingo, mvuke unapanda, na uso wa maziwa unaanza kutetemeka. Hapo ndipo. Ukiwa na wasiwasi acha yainuke mara moja tu kama ya chai, kisha epua. Sasa mimina nusu ya maji ya ndimu, ukikoroga mzunguko mmoja au miwili, polepole. Ngoja kidogo. Yataanza kukatika. Ongeza ndimu kijiko kimoja kimoja, mpaka utakapoona maji kati ya vipande si meupe tena, yamekuwa ya kijani-njano na unaweza kuona ndani. Ukifika hapo acha ndimu iliyobaki, hata kama ni nyingi. Funika, usiguse kwa dakika 10.

Hapo pa kutogusa ndipo nilipoumbuka mimi. Mara ya kwanza nilipowafundisha akina mama wa kijiji kimoja, nilikuwa nimeshika karatasi mkononi, najiona mtaalamu. Nikamimina ndimu yote kwa mara moja, kisha nikakoroga kwa mwiko kama mtu anayesonga ugali. Tukachuja. Tukapata punje ngumu kavu zinazolia menoni. Bibi mmoja mzee akatafuna, akanitazama, akasema, "Mwanangu, umepika changarawe." Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini yule bibi alinisaidia. Ukali mwingi na mkorogo mwingi hukamua maji yote katika vipande, na vikisha kauka havirudi. Mkono mwepesi ndio unaoleta rikota laini.

Baada ya dakika 10, tandaza kitambaa safi juu ya kichujio au kikapu kipya cha kuchujia tui. Kitambaa kiwe cheupe kisicho na nili, umekichemsha kwanza. Usimwage sufuria kwa kishindo, hamisha vipande kwa upawa. Acha maji yachuruzike. Ukitaka ya kula na mkate, dakika 15 zatosha, ingali na unyevu. Ukitaka ya kuoka, funga kitambaa, kining'inize mahali pa baridi saa moja au mbili. Tia chumvi mwishoni, kidogo. Lita 6 za maziwa ya ng'ombe wa kawaida hutoa kiasi cha kilo moja, pengine pungufu kidogo, kutegemea mafuta ya maziwa yako na umechuja kwa muda gani.

Kabla hatujapika, ngoja niseme jambo la afya, na hapa naomba redio iongezwe sauti.

Jibini nyingi laini hutengenezwa kwa maziwa yasiyopata moto mkali. Huko Ulaya viwanda huyapasha kwanza kwa kipimo. Sisi tukiiga jibini laini kwa maziwa mabichi tutaleta maradhi mezani. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kutupa mimba huutoa ugonjwa huo katika maziwa. Mwenye kifua kikuu vile vile. Nina jirani, mzee wa makamo, alipata homa ya kuja na kuondoka, jasho usiku, maumivu ya viungo na kiuno. Alimeza dawa za malaria mara nne. Miezi ikapita shamba likiwa pori. Kumbe alikuwa amezoea kunywa maziwa mabichi zizini, ya ng'ombe aliyekuwa ametupa mimba mara mbili. Ugonjwa ulipotambulikana alitibiwa akapona, lakini msimu ulikwisha potea. Rikota nimeichagua leo kwa sababu haiwezi kutengenezwa bila moto. Nyuzi 85 zinaua wadudu wa maradhi hayo yote mawili. Kwa hiyo usipunguze moto asilani kwa ajili ya kuokoa kuni, hasa kama nyumbani kuna mama mjamzito au mtoto mdogo.

Lakini moto hauondoi kila kitu. Ng'ombe aliyepigwa sindano ya antibayotiki, maziwa yake huwa na dawa kwa siku kadhaa, na dawa hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Tena usidanganyike, kwa njia hii ya ndimu yataganda vizuri tu, hutaona tofauti. Hesabu siku alizokuambia Bwana Mifugo, maziwa hayo yamwage. Maziwa ya chuchu yenye ugonjwa wa kiwele, yenye mabonge au damu, nayo usitumie. Na dang'a, yale maziwa mazito ya siku za kwanza baada ya kuzaa, ni ya ndama. Muachie ndama wake.

Jambo la mwisho la afya ni kukaa. Rikota ina maji mengi na chumvi kidogo, ndiyo maana haikai. Mwenye jokofu ataiweka siku 3, funiko limefungwa. Asiye na jokofu, katika baridi ya Makete au Njombe, aiweke ndani ya bakuli lililofunikwa, lililosimamishwa katika beseni la maji baridi, aimalize kesho yake. Huku pwani na mahali pa joto, iliwe siku ile ile. Ikianza kuteleza, au ikawa na harufu ya chachu, hata usionje. Niliwahi kuonja ya siku ya tano kwa ubahili wangu, na usiku ule sikuuona usingizi. Inatosha hapo.

Sasa tupike. Mpishi ajue mambo mawili juu ya rikota. La kwanza, haiyeyuki. Ile jibini ya mozarela ukiitia motoni huvutika kama utomvu wa mpira, lakini rikota, kwa kuwa imegandishwa kwa moto na ukali, ukiirudisha motoni hukaa pale pale, ikashika umbo. Ndiyo maana Waitalia huijaza ndani ya vitu. La pili, adui yake ni maji. Rikota yenye maji ikiokwa hutoka machozi, na keki ikalowana chini. Ichuje vizuri, au ikande ndani ya kitambaa, kabla hujaitia unga.

Chakula cha kwanza ni cha mboga, nacho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kule Toscana hukiita nyudi, yaani "walio uchi". Msicheke. Waitalia hufanya tambi za mfuko, unga umezunguka jibini na mboga ndani kama sambusa ndogo, kisha huzichemsha. Mwanamke wa Toscana asiye na muda wa kusukuma unga akaona, kwa nini niivalishe nguo? Akachemsha ule ujazo peke yake, bila nguo. Ndiyo hiyo.

Chukua nusu kilo ya rikota iliyochujwa sana. Chemsha mchicha fungu kubwa, au majani ya maboga, au figiri. Yakiiva yapoe, uyakamue kwa mikono miwili mpaka tone la mwisho, uyakatekate laini. Yawe kama vikombe viwili vidogo yakisha kamuliwa. Changanya na rikota, yai moja, chumvi, na kungumanga iliyokwaruzwa kidogo. Kama huna kungumanga, pilipili manga. Tia unga wa ngano vijiko 5 vya chakula vilivyojaa. Mchanganyiko utakuwa laini, unanata kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Finyanga vidonge vya ukubwa wa limau dogo, viviringishe katika unga mkavu. Sufuria ya maji ya chumvi ichemke polepole, si kwa fujo. Tosa kimoja kwanza, peke yake. Kikisambaratika, ongeza kijiko cha unga katika vilivyobaki. Kikishikamana, tia vingine. Vitazama, kisha vitapanda juu vyenyewe. Vikisha elea, hesabu dakika 2, vitoe kwa upawa wenye matundu. Mimina juu siagi iliyoyeyushwa, au mchuzi wa nyanya na kitunguu saumu. Mtoto aliyekuwa akikimbia mchicha nimemwona akirudi na sahani.

Cha pili ni cha kuoka, cha siku yenye wageni. Huko Napoli, siku za sherehe kabla ya Kwaresima, hupikwa lazanya, yaani tambi pana kama leso, zinapangwa tabaka kwa tabaka na mchuzi na rikota, kisha zinaokwa. Tambi hizo vijijini hatunazo, lakini kila nyumba inajua chapati. Sukuma chapati nyembamba kabisa, bila mafuta ndani, uzipitishe kwenye kikaango kikavu nusu dakika kila upande. Zisiive sana. Tengeneza mchuzi mzito, kilo moja ya nyanya, vitunguu viwili, saumu punje tatu, mafuta kidogo, na majani ya mrihani kama yamo uani. Chemsha mpaka mwiko uache njia chini ya sufuria. Nusu kilo ya rikota ipige na yai moja, chumvi na pilipili manga. Kama una nyama ya kusaga iliyokaangwa, itie katika mchuzi, kama huna si kitu.

Paka sufuria mafuta. Mchuzi kidogo chini, chapati, rikota, mchuzi, chapati, rikota, mchuzi, hivyo hivyo mpaka viishe, na juu kabisa umalizie kwa mchuzi, pasibaki chapati iliyo wazi, itakuwa ngumu kama ngozi. Funika kwa bati au funiko bapa, upalie makaa. Makaa machache chini, mengi juu. Hapo ndipo wengi wanapounguza, maana wanapalia moto chini kama wa maharage. Dakika 30. Ukiepua usikate mara moja. Iache robo saa, ijishike.

Cha tatu ni keki. Rikota nusu kilo, iliyoning'inizwa saa mbili. Isage kwa mwiko mpaka iwe laini, bila punje. Sukari robo tatu ya kikombe cha chai, mayai 3, moja moja huku unapiga, unga wa ngano vijiko 3 vilivyojaa, ganda la limau lililokwaruzwa, sehemu ya njano tu kwa kuwa nyeupe ni chungu, na chembe ya chumvi. Anayependa iliki atie iliki. Muitalia angetia mdalasini au maji ya maua ya mchungwa, lakini hayupo. Sufuria ndogo ipakwe siagi na kunyunyiziwa unga. Iweke ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, ufunike, makaa machache chini, mengi juu. Usifunue nusu saa ya kwanza. Baada ya dakika 45 chungulia. Pembeni pawe pameshika, katikati patikisike kidogo tu. Ikipoa itashuka. Usiogope, usidhani umekosea, keki ya rikota hushuka. Iliwe imepoa kabisa, ndipo inakatika.

Kuna keki nyingine ya Napoli ya wakati wa Pasaka, huitwa pastiera, ambamo rikota huchanganywa na ngano nzima iliyochemshwa mpaka ikapasuka. Naitaja kwa ajili ya wenzetu wa Makete wanaolima ngano. Ngano mnayo, maziwa mnayo. Jaribuni kikombe kimoja cha ngano iliyochemshwa katika keki hiyo niliyoitaja, muone.

Wapo watakaouliza juu ya jibini nyingine laini za Kiitalia. Nitapita haraka. Mozarela ni ya Campania, asili yake ni maziwa ya nyati wafugwao, na ya maziwa ya ng'ombe nayo ipo. Lakini yataka dawa ya tumbo la ndama, yataka kungojea uchachu wa kipimo, kisha kuvuta donge katika maji ya moto yanayounguza vidole. Si kazi ya kuanzia. Maskarpone ni ya Lombardia, haitoki katika maziwa bali katika malai. Malai hupashwa moto mpaka karibu na kuchemka, yakatiwa ndimu kidogo, yakachujwa usiku kucha mahali pa baridi sana. Asiye na jokofu asiijaribu. Na kile kitamu chake kiitwacho tiramisu mara nyingi hutiwa mayai mabichi, nami sikishauri kwa mayai ya kuku wa uani. Iko pia strakino, ambayo naipenda kwa jina lake tu. Kwa lahaja ya Lombardia neno hilo latokana na kuchoka. Ng'ombe walipokuwa wakishuka kutoka malisho ya milimani wakati wa vuli walifika wamechoka, na maziwa yao ndiyo yaliyotengenezewa jibini hiyo. Wafugaji wa Kitulo mnaelewa ninachosema.

Swali jingine huja kila mara. Je, yale maji yanayobaki baada ya kuchuja rikota yetu ya ndimu, niyapike tena nipate rikota nyingine? Hapana. Utamaliza kuni bure. Kumbukeni zile aina mbili za utomwili. Mchungaji alipata kitu katika maji yake kwa sababu yalikuwa hayajapata moto. Yetu yamekwisha pata moto na ukali, yametoa karibu vyote. Ila usiyamwage. Yakandie unga wa chapati au mkate badala ya maji, chapati zitakuwa laini. Yaliyobaki mpe nguruwe, yakisha poa, ukichanganya na pumba. Kule Parma, ambako hutoka nyama ya nguruwe ya paja inayosifiwa dunia nzima, nguruwe hulishwa maji ya jibini. Ukianza, anza kidogo kidogo, usimnyweshe ndoo nzima siku ya kwanza akaharisha. Na usiyamwage kijitoni. Yanaoza, yananuka, na samaki wanakosa hewa.

Kuhusu kuuza. Jirani atakuja na sahani, atasema nipimie robo. Kwanza fanya hesabu yako. Kilo moja ya rikota imekula lita 6 za maziwa, ndimu 6, na kuni. Jumlisha, ndipo utaje bei, usije ukauza kwa bei ya mtindi. Na ukitaka kupeleka dukani au mjini, hilo lina sheria zake za maziwa na usafi. Muone Afisa Mifugo wa kata kabla hujanunua vyombo, si baada ya kukamatwa.

Basi mama uliyeniandikia, kesho jioni usianze na lita 6. Chukua lita 2, ndimu 2, kitambaa kilichochemshwa. Ikikubali, Jumapili muokee mzee wako ile keki, umkatie kipande, ndipo mzungumze habari ya kuuza ng'ombe. Uniandikie ilivyotokea, hata kama ni changarawe. Wiki ijayo Bwana Mifugo atakuwa hapa na habari ya ugonjwa wa kiwele. Kwaherini.